Siku Bibi Alipokufa kwenye Filamu Mbovu

Juzi rafiki zangu walinipeleka kwenye jumba la sinema mjini, lile lenye viti vinavyommeza mtu mpaka mabega. Filamu ilipoisha tukakaa nje na bisi zilizobaki, ubishi ukaanza: ni filamu ipi mbovu kuliko zote uliyowahi kuitazama umekaa na watu? Kila mmoja akaitaja yake kwa kiburi, kama anayeonyesha kovu. Mimi nilitafuna bisi zangu. Tabasamu lilikuwa linanipanda lenyewe, maana nilijua nimeshawashinda wote kabla sijafungua mdomo.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi la Kibaha, nikashuka Misugusugu, nikaenda kulitafuta banda la video la utotoni.

Banda halipo. Mahali pake pana duka la vigae, na binti anayeuza aliniuliza nataka vya sakafu au vya ukutani. Nikamwambia natafuta banda la video.

"Dada, la video gani tena?" akasema. "Watu wanaangalia kwenye simu."

Nikasimama katikati ya vigae nikipima kwa macho: mlango ulikuwa hapa, televisheni pale juu ya kreti, benchi letu hapa nilipokanyaga. Ngoja nikusimulie wewe, kwa sababu filamu hii ukikaa nayo peke yako haichekeshi. Inataka watu.

Lilikuwa banda la mabati, na matundu ya misumari yamezibwa kwa nailoni nyeusi ili jua lisiingie. Liliingia hata hivyo, nyuzi nyembamba za mwanga zikishuka juu ya vichwa vyetu, na ndani yake vumbi likicheza. Kulinuka jasho, karanga za moto na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na chumvi mpaka midomo inawaka. Kwenye ubao wa nje mwenye banda aliandika kwa chaki filamu za siku ile. Kelele zikizidi, aliisimamisha picha kwa rimoti akangoja tunyamaze, kama mwalimu. Na watu wakipenda kipande, walipiga mabati wakiimba, "Rudisha, rudisha," naye akarudisha. Filamu ya saa moja na nusu ingeweza kuchukua saa tatu. Ilikuwa mali yetu, tukaitumia tutakavyo.

Sasa twende Kisarawe, ndiko mambo yalikoanzia.

Bibi yangu aliishi huko, kwenye nyumba ya udongo yenye ua mpana uliofagiliwa mpaka ukabaki na mistari ya chelewa. Mama alikuwa karani wa ofisi Kibaha, na kila likizo alinipeleka kwa Bibi nikale kisamvu cha nazi na nifundishwe adabu. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, akidai nimekuja kumnyang'anya babu, ingawa babu mwenyewe alikuwa ameshafariki kabla sijazaliwa. Utani ulikuwa mwingi, lakini kwenye salamu hapakuwa na utani. Ukimkuta anapika, shikamoo. Ukimkuta ana homa, shikamoo. Alisema, "Salamu haina likizo." Siku moja nilimpita mbio nikiwahi kuona nyoka aliyeuawa kwa jirani, aliponipata nilirudishwa mpaka getini nikaanza upya kuingia.

Likizo moja, nikiwa na miaka minane, tulifika tukakuta ua umejaa watu wenye nyaya na kamera. Walikuwa wanatengeneza filamu ya kutisha. Hadithi yenyewe: tajiri anamtelekeza mama yake mgonjwa, mama anakufa, anarudi mzimu. Mwongozaji, kijana mwenye kofia na sauti iliyokwisha, kabla hatujafika alikuwa ameshika kichwa. Mwigizaji aliyemleta kutoka mjini, yule wa kuumwa na kufa, alikubali kuumwa. Alipoonyeshwa sanda akachukua mkoba wake akaondoka.

Dada yake Bibi alisema yule mama amefanya vyema, kujilaza maiti ni kujiitia kifo. Bibi akamjibu, "Mauti yangekuwa yanakuja kwa kuigizwa, dada, wangapi wangejilaza mapema wapumzike." Kisha akamgeukia mwongozaji: "Leteni shuka. Mmenichafulia ua tangu alfajiri, mimi nataka mmalize."

Haya yote nilisimuliwa baadaye. Mimi na Mama tulipofika, Bibi alikuwa tayari amelazwa mkekani, shuka jeupe mpaka kidevuni, pamba puani, uso umetulia kama maji ya mtungi. Mtu akanishika bega akanisukuma kwenye mstari wa watoto. Tupite mmoja mmoja, tuinamishe kichwa, tulie. Rahisi.

Mbele yangu walipita watatu, wakalia vizuri. Zamu yangu ikafika, nikamtazama Bibi. Rafiki yangu, nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia. Sikuwa nimemsalimia.

"Shikamoo, Bibi."

Na maiti, macho yamefumbwa, akaitikia kwa ile sauti yake ya kila siku: "Marahaba, mke mwenzangu. Umekula?"

Mwongozaji alikata. Alizunguka ua mara mbili mikono ikiwa kiunoni, akaangalia jua, akaangalia betri ya kamera iliyokuwa imebaki kidogo, akasema basi, watakiondoa kipande hicho mjini. Bibi akaketi, akatoa pamba puani, akauliza kama kafa sawasawa. Wakamwambia kafa vizuri sana. Alifurahi, nami nikajificha nyuma ya choo mpaka wakaondoka.

Miezi ikapita, na Kisarawe nzima ikamjua Bibi kama mwigizaji. Sokoni wanawake walimpisha: "Haya, marehemu apite." Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuitwa ila mama fulani au bibi fulani, sasa alikuwa na kazi yake mwenyewe aliyoifanya mbele ya kamera, na aliivaa kama khanga mpya. Mimi kila niliposikia hayo nilijificha nyuma ya Mama. Nilikuwa naijua siri ya kile kipande. Je, kama hawakukiondoa? Bibi angechekwa mbele ya watu, na aliyemchekesha ni mimi.

Ndipo wiki moja ubao wa Misugusugu, mtaani kwetu, ukaandikwa kwa herufi kubwa kuliko siku zote: Jumapili, filamu ya Kisarawe. Mama akapeleka habari Kisarawe, na Bibi akaja, amejifunga doti jipya, amejifukiza udi, anatembea polepole kwa makusudi. Mwenye banda alimwekea kiti cha plastiki mbele kabisa, peke yake, sisi wengine tukabanana kwenye mabenchi. Saa tisa alasiri, joto la kuoka mkate. Niliomba umeme ukatike. Umeme, ambao siku nyingine ulikatika bila kuombwa, siku hiyo ukang'ang'ana.

Filamu ikaanza, na ndani ya dakika kumi tulijua hatujawahi kuona kitu kibovu kiasi kile. Tajiri alisema, "Usiku huu siwezi kulala," huku amesimama juani.

"Usiku gani huo wenye kivuli?" akauliza jirani yetu muuza maandazi, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka barabara.

Daktari alikuwa ndiye yuleyule mwanasheria, ila sasa ana masharubu, na kila alipozungumza masharubu yalihamia shavuni.

"Daktari, yanakukimbia hayo."

Gari lilikuwa moja; alilipanda tajiri, akalipanda adui yake, likaja kumkimbiza mgonjwa. Mgonjwa alikuwa yule mama wa mjini, mweupe, mwembamba. Akakohoa, akafumba macho. Picha ikakatika, ikarudi, na mkekani akawa amelala Bibi yangu, mweusi, mnene.

"Eh," jirani akasema. "Kaumwa mmoja, kafa mwingine."

Banda likaangua kicheko. Nikamtazama Bibi. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini, hakucheka. Aliinama kidogo kwa Mama akauliza, "Ndiyo kazi yenyewe hii?" Mama akasema ndiyo, mama. Bibi akarudi kuketi wima. Nilijua anaanza kuelewa kwamba kile alichokivaa miezi yote kilikuwa kimetoboka, na tundu kubwa kuliko yote lilikuwa bado linakuja.

Kwenye skrini watoto wakapita. Wa kwanza akalia. Wa pili akalia.

"Huku kwetu maiti anapangiwa foleni lini?" jirani akasema.

Wa tatu. Nikazika uso kwenye kwapa la Mama. Lakini masikio hayafumbwi, na spika za banda lile zilisikika mpaka barabarani.

"Shikamoo, Bibi."

Katika miaka yote ya kuingia pale, sijawahi kulisikia banda limenyamaza hivyo bila mwenye banda kusimamisha picha.

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekula?"

Nakuapia, mabati yaliruka. Benchi la nyuma lilianguka na watu wake na hawakuinuka, walichekea hukohuko chini. Muuza maandazi alilala begani kwa mtu asiyemfahamu. Mwalimu wetu wa hisabati, ambaye hatukujua kama ana meno, tuliyaona yote. Na ngumi zikaanza kwenye mabati: "Rudisha. Rudisha. Rudisha."

Mwenye banda alisimamisha picha. Alikuwa na rimoti mkononi, lakini hakurudisha. Alimgeukia Bibi, na mmoja baada ya mwingine watu wakaona anamtazama nani, ngumi zikapungua, zikaisha.

"Bibi," akasema kwa adabu, "nirudishe, au niendelee mbele?"

Nikainua uso. Bibi alijikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. Akavuta khanga begani.

"Rudisha," akasema. "Nataka nisikie kama huyu mtoto alinijibu kama kala."

Mwenye banda akarudisha. Sikuwa nimejibu. "Kumbe hukunijibu," akasema bila kugeuka, na mabega yake yakaanza kutikisika, na ndipo nikajua anacheka. Anacheka kimyakimya mpaka kiti cha plastiki kinalia. Ikarudishwa mara ya pili. Mara ya tatu banda zima, wazee kwa watoto, wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, Bibi," na marahaba zikaja mbili kwa mpigo, ya kwenye spika na ya kwenye kiti. Kisha Bibi akageuka, akatutazama sote tuliojazana gizani na jasho letu, akauliza, "Mmekula?" Watu wakapiga makofi kama tumefunga goli.

Kutoka hapo filamu ile haikuwa na nguvu tena. Mzimu ukatokea, umepakwa unga wa muhogo, safari hii ni mtu wa tatu kabisa, amevaa kandambili. Ulitakiwa kutugandisha damu. Kila ulipochungulia dirishani banda liliuamkia, na jirani akaukaribisha andazi. Sijawahi kufurahi hivyo mahali penye giza, wala kabla, wala baada.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Bibi katikati, mkono wake begani kwangu. Nilingoja nikemewe. Tukapita genge la nyanya, tukapita msikiti. Nikashindwa, nikalia, nikamwambia nisamehe Bibi, nimekuharibia.

"Filamu ni mbovu," akasema. "Kabla yako ilikuwa mbovu, baada yako mbovu. Mimi nilikufa vizuri." Akatembea kidogo. "Lakini ungenipita bila kunisalimia, mke mwenzangu, ningefufuka kweli nikakuchapa mbele ya kamera yao."

Bibi alituacha miaka mingi baadaye, kwa wakati wake, si kwa wakati wa shuka la mwongozaji. Dada yake alitangulia. Mwenye banda alihama, wanasema yuko kijiji cha Janga analima. Jirani wa maandazi sijui. Nimeitafuta filamu ile kila wanapouza vitu vya zamani; ukieleza, muuzaji anakutazama kwa huruma. Na zile "rudisha" zetu zimekwenda wapi? Kwenye jumba la sinema la juzi kulikuwa na kipande kimoja kizuri mno, kizuri cha kuuma, nikatazama kushoto na kulia. Watu walikuwa wanatafuna. Kipande kikapita, kikaenda zake.

Diski moja, pengine ya mwisho, ilikuwa yetu. Mwenye banda alimpa Bibi siku ile iwe zawadi, naye hakuwa na televisheni wala deki. Likizo iliyofuata niliikuta shambani, imefungwa kwa uzi kwenye mti uliochomekwa katikati ya mpunga, inazunguka na kumeremeta kila upepo ukipita.

"Wale jamaa walisema inatisha," Bibi alinieleza. "Watu imeshindwa kuwatisha, nikasema tuijaribu kwa ndege."

Tukakaa pembezoni mwa shamba, mimi na yeye, tukaitazama. Ndege mmoja akaja, akazunguka, akatua juu ya uzi wenyewe.

"Rudisha," Bibi akamwambia mwenye banda asiyekuwepo, na tukacheka mpaka kundi zima la ndege likaruka kutoka mpungani.