Shemeji Anakomaza Watoto

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alikuja likizo kutoka Dar na buti za kupandia milima na kofia yenye kamba ya kidevuni, akatangaza kwamba watoto wa Mwanza wamelegea. Kutwa ziwani, kutwa kivulini. Dawa yake ilikuwa kuwatembeza, wa kwetu na wa kwake, kwa miguu kwenye hifadhi moja kavu, mbali na kwetu Pasiansi, tena katikati ya kiangazi. Mkewe alikuwa amebaki Dar, ametoka kujifungua, kwa hiyo mimi ndiye niliyeombwa niende nao. Nilikwenda kwa ajili ya binti yao wa miaka sita, aliyekuja naye. Baba mtu nisingemwachia hata kuku.

Hifadhi yenyewe ni mawe, vumbi na miiba. Sisi wa ziwani hatuna mazoea ya kubeba maji, maana tumezoea kuyaona kila tunakogeuka. Shemeji hakuyabeba kwa makusudi, jambo ambalo ni baya zaidi. Soda zake baridi aliziacha garini.

"Mtoto akinywa maji kila mara njiani anazoea," akasema.

Mimi nilikuwa na chupa yangu ya maji kwenye mkoba, na mwanangu wa miaka mitatu mgongoni, nimemfunga kwa kitenge. Hilo nalo lilimkera.

"Shemeji, dume zima hilo unalibeba? Unamharibu."

"Tangulia, shemeji. Usije ukapitwa na mwenye mtoto mgongoni."

Kutangulia kwenyewe kulimshinda. Kila baada ya kajiwe alisimama kujipiga picha, na mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba anatafuta pumzi. Nimewahi kuona wanaume wa kujisifu, lakini huyu alijisifu huku anahema.

Binti yake alitembea kimya. Hakulia, hakulalamika, na hicho ndicho kilichonitisha. Midomo ilikuwa imemkauka hadi ikapasuka. Tulipofika kwenye jiwe kubwa baba yake akatupa kisogo, akainua simu na kulipangilia tabasamu lake. Mtoto akanivuta kitenge.

"Mama mdogo, naomba maji. Usimwambie baba."

Akanywa huku macho yote yako mgongoni kwa baba yake. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa pindo la gauni. Kisha akainama, akachota vumbi kidogo, akajipaka midomoni.

Niliona uchungu. Nilimdharau yule mwanamume kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote.

Tuliporudi kwenye gari, shemeji akamshika binti kichwa, akanigeukia kwa majivuno.

"Umeona? Njia nzima hajaomba maji."

Nikafungua mdomo. Vidole vidogo vikanifinya kiganja, kwa nguvu.

"Ni kweli, baba," akasema mtoto.

Kwa ajili yake tu, nikaisukuma chupa ndani zaidi ya mkoba. Baba mtu akafungua soda, akaanza kunywa yeye kwanza.