Kompyuta ya Mjomba na Kitambaa cha Mama Uzi

Mjomba hakugusa kitu cha moto kwa kiganja. Aligeuza mkono akakigusa kwa mgongo wake, polepole, kama anayebisha hodi kwenye chumba alicholala mgonjwa. Aligusa hivyo kikombe cha chai, pasi, ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa, na paji la uso la mtoto yeyote aliyepita karibu naye, awe anaumwa au anatoka tu kucheza. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini. Akaniambia kiganja chake kimeshika usukani mpaka kimekuwa gome, hakijui tena moto na vuguvugu.

"Mgongo wa mkono haujafanya kazi yoyote tangu nizaliwe," akasema. "Acha nao uajiriwe."

Alikuwa dereva wa lori, na madereva wenzake walimpa jina la Rejeta kwa sababu hakuweza kupita gari lililochemka bila kusimama. Aliegesha lori lake pembeni, akashuka na dumu la maji, akamkataza mwenye gari kufungua kifuniko, kisha wote wawili wakakaa kivulini kusubiri joto lishuke. Mkewe alikuwa akisema kwamba ameolewa na mtu ambaye chakula chake hupoa nyumbani kwa ajili ya injini za watu asiowajua.

Mkewe huyo mtaa mzima ulimwita Mama Uzi. Alifuma vitambaa vya kroshia, na nyumbani kwake hakuna chombo cha umeme kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na chake, televisheni ilikuwa na chake chenye pindo la maua, friji lilikuwa na kikubwa kilichoshuka hadi karibu na mpini. "Nikikaa kwenye kochi bila kujitikisa," Mjomba alikuwa akituambia, "na mimi nitapimwa."

Alipostaafu ndipo alipoanza habari za kompyuta. Binti yao wa pekee alikuwa amekwenda kufanya kazi nchi ya mbali, na simu ya mkononi haikuwatosha. Kwenye kioo cha simu binti alikuwa mdogo kama picha ya kitambulisho, na macho ya Mama Uzi hayakuwa ya kijana tena. Mjomba akaamua kuunda kompyuta yake mwenyewe, yenye skrini pana, kwa vifaa vilivyotumika. Alivipata kimoja kimoja kwa fundi mmoja wa kike mwenye kibanda jirani na duka la vioo, ambaye yeye alimwita Binti Bisibisi. Juma moja alirudi na ubao mkuu wa kompyuta umefungwa kwenye gazeti, juma lililofuata na feni mbili, baadaye na kasha la chuma jeusi lenye matundu juu.

Kasha lilipofika, tupu, Mama Uzi alilipima kwa futi ya kushonea kabla hata ya waya mmoja kuingia ndani. Alichagua uzi wa rangi ya maziwa. Mjomba alikuwa akifunga skrubu upande huu wa meza na mkewe akifuma upande ule, wakitaniana nani atamaliza kwanza. Nilikuwa nikiwatembelea kila Jumamosi, na kila nilipokuja nilikuta kasha limejaa zaidi na kitambaa kimerefuka.

Kitambaa kilibakiza pindo la upande mmoja Mama Uzi alipopatwa na kiharusi.

Kilimchukulia mkono wa kulia na karibu maneno yote. Siyo kwamba hakujua anachotaka kusema. Ulimwona usoni kwamba neno lipo, limesimama mlangoni, lakini mlango umekuwa mwembamba. Sentensi ya maneno matatu ilimchukua muda ambao watu wengine wanamaliza chai. Na wengi hawakumsubiri. Wageni walimmalizia maneno yake kwa upendo, wakakosea, naye akatikisa kichwa kukubali ili kuwapumzisha. Mjomba peke yake hakummalizia kamwe. Aliketi mbele yake, mikono magotini, kama pale kivulini na wenye magari yaliyochemka.

Kitambaa alikitandika juu ya kompyuta hivyohivyo, nyuzi zikining'inia upande mmoja.

Kila Jumapili alasiri binti alipiga simu ya video. Mama Uzi aliwekwa kwenye kiti cha mito, uso wa mwanawe ukajaa skrini, mkubwa kuliko wake, na hapo alijaribu kusema kuliko alivyojaribu kwa mtu mwingine yeyote. Midomo ilianza kutafuta. Binti alisubiri, maana amelelewa na baba yake. Na kila mara, neno la kwanza limetoka na la pili liko njiani, kompyuta ilizimika. Feni zilipiga kelele, zikanyamaza, na skrini ikawa nyeusi, wote wawili wakajiona humo, mume na mke, kama kwenye dirisha la usiku.

Ikishazimika, haikukubali kuwaka mpaka ipoe. Na Mama Uzi aliyekatizwa hakuanza tena. Jumapili moja nilikuwepo. Skrini ilipokufa alifumba mdomo, akageuzia uso ukutani, na hakutoa sauti mpaka nilipoaga. Mjomba alinisindikiza hadi mlangoni.

"Anaacha," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mpwa wangu, nikimwona anaacha kujaribu, mimi sitajua pa kumsukumia. Lori hulisukuma. Mtu humsukumi."

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amefungua ubavu wa kasha, miwani puani, taa ya mezani imeinamishwa hadi ndani. Binti Bisibisi alikuwa amekuja na kisanduku chake cha zana. Mama Uzi alikuwa kwenye kiti chake pale pale, kwa sababu Mjomba alikataa katakata kumweka chumba kingine wakati kazi inafanyika.

"Inazimika yenyewe ili isiungue," Binti Bisibisi alikuwa akieleza. "Joto likizidi inajikata. Kwa hiyo tutafute joto linakwama wapi. Mzee Rejeta, hii si lori."

"Kila kinachochemka ni lori," Mjomba akajibu.

Walikitoa kile kipande cha alumini chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kuipooza. Kati ya viwili hivyo hupakwa uji mweupe mzito wa kupitisha joto, kiasi cha punje ya mchele. Mjomba alikuwa amepaka kama anayejaza grisi kwenye beringi. Ulikuwa umefurika pembe zote na kukauka.

Binti Bisibisi akauangalia kwa muda. "Mzee, hii prosesa uliipaka au uliizika?"

Kutoka kwenye kiti kukaja sauti fupi, ya puani. Mama Uzi alikuwa amecheka. Mjomba akageuka haraka, uso umemng'aa, kisha akajifanya amekasirika. "Cheka, Bibie. Mwenzio naaibishwa na mtoto nyumbani kwangu."

Wakasafisha kwa pamba na spiriti, wakapaka upya kidogo. Halafu Mjomba akataka kujua kama feni zinavuta au zinasukuma. Akaenda kwenye kikapu cha Mama Uzi, akakata kipande cha uzi, akakishika mbele ya kila feni kama anayepima upepo. Uzi wa mbele ulivutwa kuelekea ndani, na ndivyo inavyotakiwa, hewa ya baridi iingie. Uzi wa nyuma nao ulivutwa ndani. Alikuwa ameifunga feni hiyo kinyume, zote mbili zikasukumiana hewa tumboni na moto hauna pa kutokea ila matundu ya juu. Wakaigeuza. Kompyuta ikawashwa, ubavu wazi, wakaiacha inachezesha video ya samaki mpaka tukala na kuondoa vyombo, nayo haikuzimika.

"Imepona," Mjomba akasema. Akarudisha ubavu, akakaza skrubu, akafuta vumbi. Kisha akakichukua kitambaa, alichokuwa amekikunja na kukiweka kwenye mapaja ya mkewe tangu asubuhi, akakitandika juu ya kasha, akanyoosha pembe moja moja, na zile nyuzi akazichana kwa vidole zikae vizuri.

Kabla samaki hawajamaliza mzunguko mwingine, ikazimika.

Binti Bisibisi alinitazama, nami nikamtazama. Sote tuliona kwa wakati mmoja, nadhani, na sote tukashindwa kufungua midomo. Mchana kutwa tulikuwa tumetafuta ndani ya mashine. Kile kitambaa hakuna aliyekihesabu, maana hakikuwa sehemu ya kompyuta. Kilikuwa sehemu ya nyumba.

Mjomba akageuza mkono. Akaweka mgongo wake juu ya kitambaa, pale katikati yalipo matundu chini yake, akauacha hapo. Nilimwona anapokea jibu. Hakuondoa mkono.

"Nitatafuta feni nyingine," akasema. "Kubwa zaidi."

"Mzee," Binti Bisibisi akasema kwa upole, "hewa ya moto inapanda juu, na juu kumezibwa. Feni kubwa itapigana na hicho kitambaa tu."

"Basi nitawasha lile feni la sakafuni, nilielekeze hapa ubavuni."

"Ulishajaribu, Mjomba," nikamkumbusha. Alijaribu wiki zilizotangulia. Feni la sakafuni liliunguruma hadi binti akawa anauliza huko aliko kama mvua inanyesha, na sauti ya Mama Uzi, ndogo kama ilivyokuwa, haikumfikia kabisa.

"Sikitoi," akasema. Hakusema kwa ukali. "Hiki ndicho alichokuwa nacho mkononi. Siku ile kilikuwa mkononi mwake. Nikikikunja nikakiweka kabatini, ni kama nimekubali."

Hakusema amekubali nini. Binti Bisibisi akainama kupanga bisibisi zake, ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Ndipo Mama Uzi alipoinua mkono wa kushoto.

Aliuelekeza kwenye kompyuta. Midomo ikaanza kutafuta. Mjomba alivuta kigoda, akaketi mbele yake, mikono magotini, na sisi wawili tukasimama tulipokuwa. Nilisikia mtu anafagia nje, nikasikia ufagio unafika mwisho wa ua na kuanza kurudi.

"Ki," akasema. Akapumzika. "Kito... e."

Mjomba hakutikisika.

"Ni... pe."

Akanyanyuka, akakitoa, akamletea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto la mashine. Mama Uzi alikivuta kwa mkono wake mzima, akakiweka juu ya ule wa kulia uliolala kwenye mapaja, ule ambao tangu kiharusi ulikuwa baridi hata jua likiwaka. Akaukunja ndani yake, polepole, akichomeka nyuzi zinazoning'inia chini ya kidole gumba. Kisha akamtazama mumewe kwa jicho la zamani, lile la kumwonya kwamba chakula kimepoa.

"Moto," akasema, na hilo lilitoka mara moja.

Mjomba akaweka mgongo wa mkono wake juu ya kifurushi kile. "Kweli," akasema. "Una moto." Akaendelea kukishika hivyo, na Binti Bisibisi akaniomba nimsindikize nje kutafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea.

Jumapili nilirudi. Kasha lilikuwa juu ya meza bila nguo, jeusi, matundu wazi, nikaona aibu kulitazama kama nimeingia chumbani bila kubisha. Binti akatokea kwenye skrini, akawasalimu, akamtania baba yake kuhusu miwani iliyofungwa uzi. Mama Uzi alikuwa na kitambaa mkononi. Akaanza kutafuta. Sote tukasubiri, na mimi najua kwamba nilikuwa nikisikiliza feni kuliko mtu. Zilivuma chinichini, hazikupanda. Mjomba alisimama nyuma ya meza, mgongo wa mkono juu ya matundu, akipokea ile hewa ya vuguvugu iliyokuwa ikipita kati ya vidole vyake.

"Na... ni," Mama Uzi akasema.

"Ndiyo, Mama," binti akasema, kisha akanyamaza tena.

"Nani... ame... kusuka."

Tukadhani amemaliza. Mjomba akainua kidole kutukataza kudhani.

"Vi... baya hivyo."

Binti alishika nywele zake kwa mikono yote miwili. Alicheka mpaka akainama nje ya picha, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaanza kujitetea kwamba huko aliko hakuna msusi, amejisuka mwenyewe mbele ya kioo. Mama Uzi alisikiliza utetezi huo kwa uso wa hakimu asiyeridhika. Skrini haikuzimika. Waliagana wenyewe, kwa hiari yao, siku hiyo.

Yalifuata maneno mengine, kila Jumapili machache. Mengi yalikuwa ya kukosoa. Mjomba alisema hiyo ndiyo dalili nzuri kuliko zote.

Mjomba amekwishatutoka sasa, ghafla, moyo, asubuhi moja akiwa anavaa viatu. Mama Uzi bado anazungumza na mwanawe kwenye skrini ile, na hakuna aliyethubutu kumalizia lile pindo. Binti Bisibisi hupita kufuta vumbi kwenye feni bila kuitwa.

Mara ya mwisho nilipomwona Mjomba ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Alinisindikiza hadi kwenye kigari changu, akazunguka mbele, akagusa boneti kwa mgongo wa mkono, ingawa lilikuwa limekaa kivulini tangu mchana. Akaja dirishani. Nilikuwa nimechoka mwaka ule, na sikuwa nimemwambia mtu. Akanyoosha mkono, akaugeuza, akaniwekea kwenye paji la uso kama nilipokuwa mtoto. Aliuacha hapo muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kupima homa.

"Nenda taratibu, mpwa wangu," akasema. "Na ukifika usizime injini papo hapo. Iache ipumue kwanza."