Karai la Mahindi

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa na harufu: mahindi yaliyochacha tumboni mwa ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi. Gaduud, mtamba mwekundu, alikuwa uzao wa mwisho wa ng'ombe niliyetengewa siku nilipokatwa kitovu, kama ilivyo desturi yetu Garissa. Kiangazi hicho nyasi zilikwisha, ikabaki miti ya mathenge, ambayo maganda yake matamu huozesha meno na kupinda taya. Baba alihamisha kundi kuelekea Hadado, akatuachia Gaduud aliyekwisha kuanza kudondosha mate. Mama akanunua mahindi. "Konzi moja asubuhi, moja jioni. Usizidishe, hooyo," aliniambia, akiniita kwa neno lile lile la 'mama' nililomwitia yeye. Lakini mimi sikutulia. Kila kulipokucha nilihesabu mbavu za Gaduud, nikimaliza naanza upya, mpaka dada yangu Halima akanicheka: "Jana zilikuwa kumi na tatu. Leo zimezaa?"

Habari zikaja kwamba baba angerudi kesho kutwa. Nilitaka amkute Gaduud amenona. Mama alipokwenda kupanga mitungi kwenye boza la maji, nikamwagia mtamba wangu karai zima. Alikula huku nikimpapasa shingo, moyo wangu ukitulia kwa mara ya kwanza. Kufikia alasiri ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama ngoma, na miguu imekataa kusimama. Mama akamnusa mdomo. "Umemlisha Gaduud, au umeilisha haraka yako?" Akamwita jirani mwenye kisu amchinje, tusije tukapata mzoga. Mtaka yote hukosa yote: hata ile nyama sikuweza kuitia mdomoni. Baba aliporudi aliyalaani mathenge. Mama akanitazama, akaniachia nafasi ya kusema. "Ndiyo, aabo," nikasema, "ni mathenge."

Sasa nina miaka ishirini na minne, nanenepesha mafahali kando ya mji, kazi niliyojifunza kwa kusoma kwenye simu na kuuliza watu hadi wanichoke. Mathenge bado yapo. Nafaka naipima kwa kikombe, naimwaga, naipima tena. Kikombe cha pili hakiongezwi kabla ya siku kadhaa kupita. Mwezi uliopita baba alisimama zizini akayalaani tena mathenge yaliyomuua Gaduud. Nikamwambia ukweli. Akaokota kikombe. "Hiki ndicho kipimo?" Nikaitikia. Siku hizi asubuhi anapima yeye, jioni napima mimi.