Macho Yangu Kwenye Shuka la Harusi

Tena basi, mashoga zangu, afadhali ningezimia!

Leo mume wangu amefunga madirisha, ametundika shuka letu la harusi ukutani, akatuonyesha sinema aliyoipiga mwenyewe. Haina sauti.

Mara nikatokea mimi, nakuna nazi. Nikainua macho kumtazama yeye nyuma ya kamera.

Macho yale, jamani, ni ya chumbani!

Na mama mkwe kakaa mbele kabisa!

Nikajifunika kanga uso mzima. Mgeni wa mama mkwe, bibi wa Kishambaa asiyejua Kiswahili, akapiga vigelegele. Kaelewa yote!

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, hebu irudishe hapo anapokutazama."

Ikarudishwa. Nyie mngefanyaje?

Kabla mwezi haujaisha nakuja Muheza kujificha kwenu. Ila mume wangu mpenzi anasema tutakuja na mashine ya sinema.