Mshambuliaji Aliyekuja Kuomba Radhi

Bibi wa mume wangu hakuwa na habari na mpira mpaka alipofanyiwa operesheni ya macho. Alirudi kwetu hapa Tabora akiona vizuri, akakaa mbele ya televisheni, na mtu wa kwanza aliyempendeza alikuwa mshambuliaji wa timu ya taifa: ndevu nyingi, mchirizi wa nywele za njano utosini, na uso usiocheka hata akifunga goli.

"Huyu ndiye mume wangu," akasema.

Kwa utani wa bibi na mjukuu, cheo hicho siku zote kilikuwa cha mume wangu, nami nikiitwa mke mwenza. Sasa Bibi akanigeukia. "Mke mwenzangu, huyo wako sasa nimekuachia peke yako."

Tuliishi vizuri hivyo hadi mpenzi wake alipokosa penalti. Mpira ulipaa juu ya mwamba wa goli ukapotelea kwa mashabiki. Bibi alinyanyuka, akaifunika televisheni kwa khanga, akatangaza kwamba humo ndani hakuna tena mpira. Tukawa tunanyata kwenda kutazama kwa jirani mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mtaani kwetu, tukirudi tunasema tulifuata sukari.

Wifi yangu, ambaye ni msusi, ndiye aliyechoka kwanza. "Basi aje mwenyewe amwombe radhi," akasema.

Mimi nashona nguo. Yeye anasuka. Sura ya mtu, ya kuvaa usoni, hatukuwahi kuitengeneza, lakini wazo lilikuwa limeshatushika. Bibi alipokwenda msibani Kaliua, tulimlaza mume wangu kwenye mkeka barazani, tukampaka mafuta usoni, tukaanza kumbandika vipande vya gazeti tulivyolowesha kwenye uji wa muhogo. Tuliacha matundu ya pua tu.

"Usicheke," wifi akamwonya. "Huyu mtu hacheki."

Wifi angenyamaza, pengine tungefaulu. Mume wangu alianza kutikisika tumbo, akajikaza, akashindwa, na sisi tukashindwa pamoja naye. Gazeti likakaukia kwenye kicheko. Tulipoibandua, sura ile ilikuwa na mashavu yaliyojaa na mdomo uliokenua hadi masikioni. Tuliitoboa vitundu vya macho, tukaipaka rangi ya viatu ya kahawia, ikang'aa. Wifi akabandika ndevu za rasta, nami nikachovya pamba kwenye manjano kwa ajili ya utosi. Ndevu, nywele, rangi, vyote vilikuwa vyake. Ila alionekana kama ameambiwa jambo tamu mno.

Bibi aliporudi tulimkalisha uani, kando ya mahindi yaliyoanikwa. Mume wangu akatoka na jezi, sura usoni, akapiga magoti.

Bibi alimtazama kwa utulivu. Hakuuliza ni nani.

"Umekuja," akasema.

Akaitikia kwa kichwa.

"Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo," ikatoka sauti nzito, nyembamba mwishoni.

"Marahaba. Ile penalti ulikuwa unamwangalia nani?"

Mabega ya mume wangu yakaanza kucheza.

"Nchi nzima imelia, wewe unanichekea?"

Wifi alikimbilia jikoni. Mimi niliuma ncha ya khanga mpaka machozi yakanitoka.

"Kuomba radhi kwa mdomo sitaki," Bibi akasema. "Piga tena. Mimi kipa."

Tukapanga ndoo mbili mbele ya ukuta. Bibi akaweka kigoda katikati, akakaa, fimbo mkononi. Mume wangu hakuona vizuri kwenye vile vitundu vya macho. Alikimbia, akapiga ardhi, mpira ukabaki ulipo, kandambili ikaruka ukuta na kuangukia kwa jirani. Muda si muda yule mzee wa duka akaingia nayo mkononi. Akaiangalia ile sura inayokenua, akaiangalia kandambili.

"Kumbe siku ile nayo ulipiga hivi," akasema.

Bibi alicheka mpaka akateleza kwenye kigoda, tukamwinua huku na sisi tunacheka. Baada ya hapo kila mtu alitaka kuivaa ile sura. Wifi alipiga, Bibi akazuia kwa fimbo. Nilipiga mimi, nikakanyaga gauni. Mzee wa duka alivua viatu kwa heshima zote, akaweka mpira sawa, akapiga ndoo.

"Nipeni," Bibi akasema.

Tulimvalisha, tukafunga kamba juu ya ushungi. Mume wangu akakaa golini. Bibi hakukimbia, alisogea taratibu, akausukuma mpira kwa ubavu wa mguu. Ulibingirika polepole, tukiufuata wote kwa macho, na mume wangu akajirusha kwa nguvu zake zote upande ambao haukuwa na mpira, moja kwa moja kwenye mahindi.

Bibi alikuja akamsimamia, ndevu zikipepea.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa okota mahindi yangu."