Prosesa Niliyoipandisha Rubondo

Siku yangu ya kwanza kazini mjini Mbarara, Mkuu wa Warsha hakuniuliza cheti nilichobeba kutoka Kivu Kusini. Alinisukumia kompyuta ya mezani iliyofunguliwa ubavu, akaniambia nisikilize feni inayopoza prosesa, ule ubongo wa mashine wenye ukubwa wa biskuti, nimwambie kama mambo ni sawa. Nikasikiliza, nikasema ni sawa kabisa. Akacheka.

"Nyabo, hapana amini sikio. Sikio iko na uongo. Soma namba ya joto."

Alikuwa mzee wa hapohapo Mbarara, zamani fundi wa redio jeshini, na aliniita nyabo, yaani mama, au Mama Kongo, mpaka siku nilipoondoka. Ndiye aliyenifundisha kuipandisha mashine. Prosesa hutoka kiwandani na kasi yake, na kasi hiyo hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya bodi kuu kwa namba moja iitwayo kizidishi. Ukikiongeza kizidishi katika menyu ya bodi, ile inayofunguka kabla mashine haijawaka sawasawa, prosesa hukimbia kuliko ilivyopangiwa. Wateja wetu walinunua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, wakataka zifanye kazi ya mashine mpya.

Mkuu alikuwa na utaratibu wake. Unapanda hatua moja, unaichosha mashine nusu siku kwa programu ya hesabu nzito, unaandika joto daftarini, ndipo unapanda nyingine. Ikiganda, au ikitoa skrini ya bluu yenye maandishi ya kosa, unateremka kwanza, sababu utaitafuta baadaye. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto, na utaratibu ule ulinifaa sana.

Baadaye nilipelekwa kambi ya wakimbizi ya Oruchinga, kwenye kituo cha kufundishia vijana. Msimamizi wa Kituo alinikataza hata kuifungua ile menyu. "Huku bajifunze kuandika barua, basi," alisema. Moyo wangu ulipumzika miaka miwili.

Kisha nikapata kazi karibu na nyumbani, Rubondo, kambini tunamoishi, katika studio ya video. Mwenyewe alijiita Mkurugenzi, ingawa studio ilikuwa chumba kimoja chenye paa la mabati.

"Mama fundi, harusi moja inakula siku mbili ku mashini," alinilalamikia. "Batu banangoja. Uipandishe."

Nikaipandisha. Umeme wetu ulikuwa wa sola na betri. Jaribio la nusu siku lingemaliza umeme wote, nasi tungekaa tukitazamana. Kwa hiyo nililifanya dakika ishirini tu, asubuhi, mabati yakiwa bado baridi. Nilijua ninakosea. Hata hivyo niliandika daftarini kwamba mashine ni imara.

Wiki ya pili ikaanza kuganda. Sasa, Rubondo kila kinachoharibika kina jina moja: umeme mdogo. Redio ikikwaruza ni umeme mdogo, taa ikififia ni umeme mdogo. Nami, fundi mzima niliyefundishwa, nikasema hivyohivyo, kwamba prosesa ina njaa ya umeme. Badala ya kuteremka nikaiongezea volteji. Kuganda kukakoma siku mbili, nikajisifu peke yangu kama mjinga.

Volteji ikizidi, joto nalo huzidi. Mchana, mabati yakiwaka, prosesa ile ilikuwa inakosea hesabu bila kusema. Kuganda ni kosa unaloliona. Hili lingine ni baya zaidi, maana mashine huandika upuuzi kwenye diski kisha huendelea na kazi.

Siku hizo jirani yangu Furaha alikuwa amefiwa na mama yake. Mama alizikwa wakati Furaha amelala hospitali Mbarara, amepasuliwa kujifungua mtoto. Kwetu mazishi hupigwa video, na siku ya kuondoa matanga ukoo huketi pamoja kuitazama kabla ya kuituma kwa ndugu walio mbali. Hakuna aliyeingoja video ile kama Furaha, kwa sababu hakuiona sura ya mama yake kwa mara ya mwisho.

Mkurugenzi alihamisha picha za mazishi kutoka kwenye kamera kwenda kwenye mashine, mchana, mabati yakiwaka. Ijumaa mchana, kesho yake ikiwa siku ya kuondoa matanga, ikatokea skrini ya bluu. Tukawasha, ikaanguka tena. Mkurugenzi akanyoosha kidole kuiwasha mara ya tatu.

"Usiguse!" nilipiga kelele. "Kila ukiiwasha inaweza kuharibu zaidi. Picha za kadi ya kamera ziko wapi?"

"Nilishafuta kadi. Kulikuwa harusi ingine."

Nikachomoa waya, nikatoa betri ndogo ya bodi ili menyu isahau yote niliyoiandikia na kurudi kwenye kasi na volteji za kiwandani. Hata hivyo sikuiamini tena. Nikaitoa diski, nikaiunganisha na laptopu ya Mkurugenzi ambayo sikuwahi kuipandisha, nikaanza kunakili faili mojamoja. Nyimbo za kwaya zilifunguka. Mahubiri yakafunguka, na kaburi pia. Faili moja ya dakika nne ilikataa: watu wakipita kumuaga mama, jeneza likiwa wazi. Nilijaribu kila ninachokijua mpaka jioni.

Nilikwenda mwenyewe kwa Furaha. Alikuwa ananyonyesha.

"Mwanangu, video ina sehemu imeharibika. Si umeme, si kamera. Ni mimi."

Alimhamishia mtoto titi la pili. "Fasi ya sura ya mama?"

"Njo ile."

"Basi usiikate, mama fundi. Uache giza dakika zote ine. Bale balikuwa pale batanielezea."

Kesho yake, skrini ilipokuwa nyeusi, wanawake wakaanza kusema. Mmoja alisema mama alifungwa kitenge cha kijani, kile cha kanisani. Mwingine alisema alikuwa kama mtu anayesinzia. Furaha alisikiliza bila kulia, kisha akanigeukia.

"Na weye? Ulipita pale, nilisikia."

Nilikuwa nimepita kweli. Nikasema mikono yake ilikuwa imewekwa kifuani, mmoja juu ya mwingine.

"Mukono gani ulikuwa juu?"

Sikukumbuka. Picha ikarudi, wanaume wamebeba jeneza.

Nimestaafu sasa, macho hayaoni skrubu. Mafundi vijana wa Mbarara hunipigia simu: mashine inaganda, tuongeze volteji? Nawaambia wateremke kwanza, wapime joto saa ya jua kali, na kabla ya yote wahakikishe kuna nakala nje ya mashine. Wanaitikia harakaharaka, nami nabaki na wasiwasi wangu. Furaha tunakutana kwenye bomba la maji. Hunisalimia vizuri na hajaniuliza tena. Ningependa anifokee. Mimi nikifika nyumbani naweka ndoo chini, nakunja mikono kifuani, wa kulia juu, kisha wa kushoto juu, na bado sijui.