Kado Niliyoizidisha Makusudi

Mwaka niliomaliza darasa la nane, baba alinipeleka Asembo Bay kwa mama yake nikajifunze kupika osuga, ile mboga ambayo wengine huiita mnavu. Wiki mbili tu, alisema, kabla sijaanza kidato cha kwanza Kisumu. Bibi yangu, Dani, alikuwa na wakaza wana watano, wote wa kukaanga mboga kwa nyanya na mafuta, na aliogopa kufa na upishi wake. Mimi niliogopa kuzeekea jikoni mwake.

Osuga yake haikujua haraka. Tulichoma mabua ya maharagwe, majivu tukayatia kwenye chungu chenye matundu, tukamwagia maji na kungoja yadondoke. Maji hayo ndiyo kado, ya kulainisha mboga. Kisha mboga ilichemshwa asubuhi na jioni kwa siku tatu, ikiongezwa maziwa, na aliyeianza hakuruhusiwa kuiacha. Nikienda ziwani kuoga, naitwa kabla sijajipaka sabuni. Niliuchukia ule moshi, na Mungu anisamehe, hata yeye nilimchukia kidogo.

Nilijitahidi nikidhani nikifuzu nitaachiliwa. Chungu cha nne Dani alikionja, akafumba macho kwa raha. Baba alipokuja kunichukua, Dani akamwambia, "Huyu ameshika mkono wangu wa upishi. Akienda, nani atanipikia? Si hata hapa kuna shule?"

Baba, mwanamume wa kufokea watu mjini kutwa, alikuna kichwa. "Sawa, Mama. Nitarudi Jumapili tuone."

Mjinga mimi, kwa nini nilipika vizuri? Jumapili ile nilimimina kado maradufu. Mboga ikateleza kama kamasi, ikanuka sabuni. Baba alimeza tonge moja, akaomba maji. Akina mama wawili wa kanisani waliokuja kula nasi wakasema wameshiba. Dani peke yake alikula polepole mpaka akamaliza sahani, kisha akanifuata jikoni.

"Nyakwara, mjukuu wangu, mimi pia nilimharibia mama mkwe chungu hivi hivi, anirudishe kwetu. Mara mbili."

Nilimgeukia. "Akakuachilia?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Angeniachilia, ungenikuta hapa?"

Baba alipanda basi la saa tisa peke yake. Nililisikia likipiga honi barabarani, nami nimeinama nachambua mboga nyingine.